Maswali ya Wasomaji: Majira ya Baridi katika Vibanda vya Milimani

Barua nne kati ya tulizopokea zinahusu jambo moja, nalo ni mapumziko ya theluji katika vibanda vya milimani na namna ya kuyafurahia bila kuiharibu milima yenyewe. Waandishi watatu wanaishi Norwei, na wa nne anaongoza wageni Marangu. Barua tumezifupisha, majibu, kwa bahati mbaya ya mchapaji wetu, hayakufupishika.

Ndugu Mhariri, mimi ni muuguzi, mzaliwa wa Tanga, na sasa ninaishi Bergen na mume wangu pamoja na watoto wetu wawili wenye umri wa miaka sita na tisa. Kila ifikapo likizo ya baridi wenzangu kazini hutawanyika kwenda kwenye vibanda vyao vya milimani, na shule zikifunguliwa watoto wangu hawana la kuwasimulia wenzao. Hatuna gari, hatujawahi kuvaa ski, vile vibao virefu vya kutelezea kwenye theluji, na mume wangu anasema utalii wa theluji ni anasa inayoharibu mazingira. Je, familia kama yetu inaweza kwenda bila gharama kubwa na bila madhara? Na tukifika, tutafanya nini mchana kutwa katika baridi ile?

Dada, tuanze na hoja ya mume wako, kwa sababu nusu yake ni kweli. Safari ya mapumziko huchafua hewa zaidi njiani kuliko mahali pa kufikia, na hasa ndege na gari hutoa hewa ukaa nyingi kuliko taa na jiko la kibanda. Taulo isiyofuliwa kila siku, ambayo hoteli huipigia ngoma katika matangazo yao, ni jambo dogo ukililinganisha na chombo kilichokufikisha hotelini. Kwa hiyo kutokuwa na gari, jambo uliloliandika kana kwamba ni upungufu, ndiko kunakokuweka mahali pazuri kuliko wenzako wengi, kwa kuwa wewe unaishi mwanzoni mwa mojawapo ya reli zinazofaa zaidi kwa safari ya namna hii.

Reli ya Bergen, iliyokamilika mwaka 1909, hupanda kutoka pwani hadi ukingoni mwa uwanda wa juu wa Hardangervidda na kusimama Finse, kituo kilicho mita 1,222 juu ya usawa wa bahari. Hakuna barabara ya umma inayowafikisha wenye magari hapo. Treni huendeshwa kwa umeme, na sehemu kubwa kabisa ya umeme wa Norwei hutokana na nguvu ya maji. Kutoka Bergen ni mwendo wa saa mbili na nusu hivi. Unashuka behewani na kukanyaga theluji papo hapo, na kibanda kikubwa cha Chama cha Watalii cha Norwei, kijulikanacho kwa kifupi kama DNT, kinafikika kwa miguu kutoka kituoni. Hata hivyo, kwa likizo ya Februari na watoto wa umri huo, mimi nisingekushauri Finse. Ernest Shackleton alikwenda huko mwaka 1914 kujaribu vifaa vyake kabla ya safari ya Antaktika, na hakupachagua kwa upole wa hali yake ya hewa. Februari shukeni Geilo, mbele kidogo kwenye reli hiyohiyo, ambako ni chini zaidi, kuna miti ya kukinga upepo, na njia za ski hutayarishwa kwa mashine. Finse iwekeni kiporo hadi Pasaka, wakati mchana umerefuka na jua linachoma usoni ingawa theluji bado ni ya kufika kiunoni. Kibanda cha DNT hapo hakifunguliwi mwaka mzima, kwa hiyo tazameni tarehe zake kabla ya kukata tiketi.

Kuhusu gharama, kitu kinachowafilisi wageni ni vifaa, na hapo msinunue chochote mwaka wa kwanza. Norwei kuna mpango uitwao BUA, ambao katika manispaa nyingi huazima ski, viatu, kofia ngumu na sleji, yaani kigari kisicho na magurudumu cha kuteleza kwenye theluji, bila malipo. Mtoto hukua, na ski za mwaka huu hazitamfaa mwaka ujao. Kifaa kinachotumiwa na watoto kumi kabla ya kuchakaa ni bora kuliko vifaa kumi vinavyolala stoo. Nguo za ndani ziwe za sufu. Fulana ya pamba ikilowa jasho hukaa na unyevu mwilini, na ukisimama kupumzika dakika tano utajua kwa nini wazee wa huko humwambia kila mgeni jambo hilohilo.

Sasa mtafanya nini mchana kutwa. Nyinyi mnaanza, kwa hiyo achaneni na miteremko mikali yenye lifti za umeme, ambako tiketi ni ghali na foleni ni ndefu, mkajifunze ski za kutembelea, zile nyembamba ambazo kisigino hakifungwi. Mtu mzima huanguka mara ishirini siku ya kwanza. Mtoto wa miaka sita huanguka mara tano na kuanza kukucheka. Siku ya pili mnaweza kwenda kilomita mbili au tatu, mkachimba kiti katika ukuta wa theluji upande wenye jua, mkala machungwa kama wenyeji wanavyofanya wakati wa Pasaka, kisha mkarudi. Watoto wakichoka na ski, kuna sleji. Wakichoka na sleji, ambalo sijaliona likitokea, kuna kuchimba mapango madogo ya kuchezea, mradi mtu mzima awe karibu na dari lisiwe zito.

Lakini kazi kubwa, na kwa maoni yangu raha kubwa pia, iko katika kibanda chenyewe. DNT kilianzishwa mwaka 1868 na kina vibanda zaidi ya 500 nchini humo. Vingine vina wahudumu na chakula cha mezani. Vingine havina mhudumu yeyote, na hivi ndivyo ninavyovipenda. Mwanachama hupewa ufunguo mmoja unaofungua vibanda vingi vilivyofungwa. Ukiingia unajiandikisha katika daftari, unawasha jiko la kuni, unachota theluji safi kwa ndoo na kuiyeyusha upate maji, na katika vile vyenye stoo unachukua chakula cha makopo na kuandika mwenyewe ulichokichukua. Malipo unayafanya kwa uaminifu wako, bila mtu wa kukukagua. Kabla ya kuondoka unapasua kuni za kumtosha anayekuja, kwa sababu huenda akafika usiku akiwa na mtoto anayetetemeka, unafagia, unakung'uta mablanketi na kufunga madirisha. Choo kiko nje, na safari ya kwenda huko saa tisa usiku katika upepo ni sehemu ya masimulizi ambayo watoto wako watayapeleka shuleni.

Mara ya kwanza nilipolala katika kibanda cha aina hiyo nilidhani ndoo moja ya theluji ni ndoo moja ya maji. Nilitoka nje mara tano kabla ya kupata chai ya watu wanne. Tangu siku hiyo nimekuwa mchoyo wa maji hata nikiwa mjini, na sidhani kama kuna kibandiko bafuni ambacho kingenifundisha hivyo. Chukueni unga wa ugali na dagaa: ni vyepesi kubeba, hupikika upesi, na havitoi takataka. Maharage yaacheni nyumbani, kwa kuwa kwenye urefu wa Finse maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100 na mtamaliza kuni za watu wengine mkisubiri yaive.

Usalama sitaki kuupitia juujuu. Wanorwei wana kanuni tisa za mlimani, ambazo chimbuko lake ni la mwaka 1952 na zilienezwa kwa nguvu baada ya Pasaka ya mwaka 1967, ambapo watu 18 walikufa. Mojawapo inasema kwamba kugeuka na kurudi si aibu. Majira ya baridi njia nyingi za DNT huwekewa alama kwa matawi ya miti yaliyochomekwa kwenye theluji; tawi linalofuata lisipoonekana, rudini kwenye lile mliloliacha. Maporomoko ya theluji hutokea hasa kwenye miteremko yenye mwinamo wa nyuzi 30 na kuendelea, na hatari inaweza kumfuata hata aliye chini kwenye tambarare. Serikali hutoa tahadhari kila siku wakati wa msimu katika tovuti ya Varsom, kwa viwango vitano. Familia yenye watoto haina sababu ya kuwa karibu na mteremko wa namna hiyo, hata siku ambayo kiwango ni cha chini.

Mhariri, mimi ni kijana wa miaka 24 niishiye Trondheim. Nimeona video za watu wakikimbiza pikipiki za theluji milimani na ninatamani kukodi moja na rafiki zangu tuzunguke nayo vibandani. Nianzie wapi?

Kijana wetu, anzia kwenye sheria. Tangu mwaka 1977 Norwei ina sheria inayokataza kuendesha vyombo vya moto nje ya barabara kwa ajili ya kujifurahisha tu. Tangu mwaka 2015 manispaa zimeruhusiwa kufungua njia maalumu za pikipiki hizo, na baadhi zimefanya hivyo, lakini humo unafuata njia iliyopangwa, na wala hakuna kuzunguka upendavyo. Kibandani, kwa kawaida, utaiona ikivuta shehena ya kuni, au ikiwa kazini na waokoaji.

Sababu yake inafaa kuijua. Katika milima ya kusini ya Norwei wanaishi karibu kulungu wote wa porini wa milimani waliobaki Ulaya, wale wa nchi za baridi ambao dume na jike wote huota pembe, na kundi kubwa zaidi liko Hardangervidda. Majira ya baridi chakula chao ni kuvumwani, ule ukoga mkavu unaoota juu ya mawe na ardhi kwenye vilele ambavyo upepo umevifagia theluji. Chakula hicho hakinenepeshi. Mnyama huyo huvuka miezi ya baridi kwa kubana matumizi, akitembea kidogo na kula kidogo, huku majike wakiwa na mimba ya kuzaa Mei. Ukimshtua akakimbia kilomita kadhaa katika theluji laini, ametumia akiba ambayo hataipata tena kabla ya masika. Mwaka 2021 aliingizwa katika orodha ya Norwei ya viumbe walio hatarini, katika daraja la wanaokaribia hatari. Na usidhani wa ski wako huru na lawama: mwenye ski hapigi kelele, lakini huwa wengi, nao hufika kokote. Ndiyo maana baadhi ya njia zimehamishwa au hufungwa kwa kipindi fulani, na ukikuta kibao cha namna hiyo, geuka. Kama ni mwendo wa kasi unaoutafuta, tafuta mwenye mbwa wa kuvuta sleji. Utachoka zaidi ya ulivyotegemea, na utajifunza kuokota kinyesi cha mbwa kumi na mbili.

Sisi ni marafiki watano, Wakenya na Watanzania, wafanyakazi wa Stavanger. Tumeonyeshwa mradi wa vibanda vipya milimani, wenye mapaa ya nyasi, umeme wa kuchajia magari, bafu la maji moto nje na mteremko wa ski wenye mashine za kutengeneza theluji. Kijitabu chao kimejaa neno "endelevu". Tunataka kununua kimoja kwa ushirika. Je, ni endelevu kweli, au tunauziwa mbuzi kwenye gunia?

Ndugu zangu, sikukiona kijitabu hicho wala sijui mradi ni upi, kwa hiyo nitawapa maswali ya kumpelekea muuzaji badala ya hukumu.

La kwanza ni kile kilichokuwepo chini ya kibanda kabla ya kibanda. Norwei ina zaidi ya nyumba 400,000 za mapumziko katika nchi yenye watu milioni tano na nusu hivi, na vijiji vipya vya vibanda mara nyingi vimejengwa kwenye ardhi ya mboji, yaani vinamasi ambavyo mimea yake iliyokufa imerundikana kwa maelfu ya miaka bila kuoza kabisa kwa sababu imezama majini. Ukichimba mtaro na kuyatoa maji, mboji hukutana na hewa, huanza kuoza na kuachia hewa ukaa iliyokuwa imefungiwa humo. Paa la nyasi halirudishi hiyo. Mwombeni ramani ya eneo kabla ya ujenzi, na kama kijani kilichoko kwenye picha ni kinamasi kilichofukiwa, mnalo jibu lenu.

La pili ni vitanda. Wanorwei wana msemo wa vitanda vya baridi na vitanda vya moto. Kitanda cha baridi ni cha kibanda ambacho mwenyewe hukilalia wikendi chache kwa mwaka, na siku zilizobaki hakuna mtu ndani, ingawa barabara yake hulimwa theluji, bomba lake la maji linadumishwa, na pengine joto huachwa likiwaka ili mabomba yasigande. Kitanda cha moto hupangishwa, hulaliwa na watu wengi, na huipa kazi jamii ya hapo kwa miezi mingi. Nyinyi mko watano, na hilo ni jambo jema, kwa sababu familia tano kwenye kibanda kimoja ni bora kuliko kila moja na chake. Lakini hesabuni kwa ukweli wikendi mtakazokwenda, mkizingatia kwamba huenda baadhi yenu hufanya kazi kwa zamu. Mkipata siku chache, huenda kukodi kukawagharimu pungufu na milima itabaki na nafasi yake. Na kama lazima mnunue, kuna vibanda vya zamani vinavyouzwa, vidogo, visivyo na bafu la nje, ambavyo madhara ya ujenzi wake yalishafanyika kabla hamjazaliwa.

La tatu ni mashine za theluji, nazo zieleweni kwa hesabu. Mashine hizi hurusha maji kama ukungu katika hewa baridi ili matone yagande kabla ya kuanguka, na theluji yake ni nzito kuliko ya mbinguni, kiasi cha kilo 400 au zaidi kwa mita moja ya ujazo. Kufunika hekta moja kwa kina cha sentimita 30 ni mita za ujazo 3,000 za theluji, yaani zaidi ya lita milioni moja za maji, na mteremko mmoja una hekta nyingi. Maji hayo hutolewa mtoni au bwawani wakati mito iko katika kina chake cha chini. Umeme wa Norwei ukiwa safi, si sawa na kuendesha mashine hizo kwa makaa ya mawe. Hilo ni haki ya muuzaji kulisema. Lakini mashine hazifui dafu mbele ya joto: hewa yenye unyevu ikishakaribia sifuri hazifanyi kazi vizuri, na majira ya baridi yanazidi kufupika. Huko Ufaransa, kituo cha Métabief katika milima ya Jura kimeamua kupanga mwisho wa ski za lifti badala ya kusubiri kushtukizwa. Anayewauzia kibanda leo kwa sababu ya mteremko ulio mbele yake awaeleze kibanda hicho kitakuwa na thamani gani theluji isipokuja. Kama ana njia za miguu, ziwa la uvuvi na kituo cha basi kilicho karibu, endeleeni kuzungumza naye.

Na bafu la maji moto nje, katika nyuzi kumi chini ya sifuri, mchana na usiku? Hilo sikulitengea swali.

Mheshimiwa Mhariri, mimi ni kiongozi wa wageni wa Mlima Kilimanjaro hapa Marangu. Wageni kutoka Norwei huniambia vibanda vyetu vinawakumbusha kwao. Je, ipo njia ya kuwaiga, au mlima wetu ni tofauti mno?

Ndugu, wageni wako hawakosei. Vibanda vya Mandara na Horombo, vyenye mapaa yanayoshuka hadi karibu na ardhi kama hema, vilijengwa kwa msaada wa Wanorwei, na umbo lile limetengenezwa ili theluji iteleze. Kwamba theluji nzito si shida kubwa Mandara, kwenye mita 2,720 ndani ya msitu, ni jambo ambalo huenda halikumnyima usingizi mchoraji.

Tofauti ya msingi si theluji. Kibanda cha Norwei kisicho na mhudumu kinategemea mgeni abebe mzigo wake, ayeyushe maji yake na apasue kuni zake. Kwenu kazi hiyo hufanywa na wapagazi, na ndiyo mkate wa watu wengi wa Marangu, Old Moshi na Machame. Mgeni akijibebea kila kitu atajisifu kwamba hakumchosha mtu, na nyumbani kwa mtu fulani moto hautawaka. Kwa hiyo uendelevu wa Kilimanjaro huanza na mizani ya getini: mzigo wa mpagazi usizidi kilo 20, posho ifike mkononi mwake, na alale mahali pakavu. Kampuni inayopanda miti 100 huku ikimlaza mpagazi kwenye turubai inayovuja haina la kuwafundisha wageni.

Yapo mambo mawili ya kuiga, nami naona unaweza kuyaanza wewe mwenyewe bila kusubiri waraka. Moja ni daftari la kibanda lenye nafasi ya kuandika takataka ulizopanda nazo na ulizoshuka nazo, kila kundi kwa jina la kiongozi wake. La pili ni maji: waambie wageni wako tangu Horombo kwamba katika kibanda cha Kibo, kwenye mita 4,700 na ushei, ndoo hupanda mgongoni mwa mtu, kisha wape kikombe kimoja cha kunawia. Watauliza kama barafu ya juu haiwezi kuyeyushwa. Waambie kwamba kati ya mwaka 1912 na 2007 barafu ya Kilimanjaro ilipungua eneo lake kwa asilimia 85, na waache wajibu wenyewe.